Gari la Waya Lenye Jina Langu

Sisi tuliokulia Gatitu miaka ya tisini tuliijua asubuhi kwa masikio kabla ya macho. Ukungu ulikuwa mzito hata mibuni ya jirani haikuonekana, na Mlima Kenya ulikuwa habari ya kuambiwa tu. Lakini ulisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha, kutoka barabara ya changarawe ya murram, mnong'ono wa magurudumu ya mpira. Hapo niliuacha uji upoe. Wachira alikuwa ameamka.

Wachira alikuwa jirani yetu, amenizidi miaka mitatu, na ndiye aliyekuwa fundi wa magari ya waya. Pikapu yake kubwa aliikunja kutoka kwa waya wa ua uliokatika, akaitia usukani wenye mpini mrefu uliokufikia kifuani, ili uendeshe ukiwa umesimama wima kama mtu mzima. Mtoto yeyote aliruhusiwa kuiendesha kutoka kwao hadi kwenye kinu cha posho, bure. Wachira alipenda kulitamka neno hilo, bure. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu, hata kwa nini kuku hawaendi kanisani, hilo sikuliuliza.

Kumbe gari la bure lilikuwa na njaa. Mwanzoni lilitembelea vifuniko vya soda, ambavyo vilikwama matopeni. Wachira akasema atakayeleta mpira ataendesha mara mbili. Nilianza na karatasi nyekundu za peremende, tukazifanya taa za nyuma. Nikaleta waya za simu za rangi rangi, nilizobadilishana kwa chapati yangu ya Jumapili. Mwishowe nikaleta malapa ya baba. Nilikata miduara minne kwa wembe, miwili kila lapa, nikachagua upande wa kisigino nikiamini hatagundua. Aligundua alipokanyaga sakafu baridi ya saruji.

"Hiyo gari inavaa viatu kuliko wewe," mama alisema baada ya baba kumalizana nami. "Kwani ni yako?"

Nilimwambia ndiyo, na sikudanganya. Juma lile Wachira alikuwa amekata kibati kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akanipa msumari nikwaruze jina langu: MUTHONI. Tulikifunga nyuma kama namba ya gari. Kungekuwa na ushahidi gani zaidi ya huo?

Siku hizo ninaziona bado kama mtu anayeota akijua kwamba anaota. Mvua imekatika, maua ya kahawa yamefunguka meupe, harufu yake tamu inakufuata hadi kwenye kona. Ninateremka na pikapu, tope jekundu limenifika magotini, na kwa mdomo ninabadilisha gia. Nilifika Sagana, nilifika Kianyaga, miji niliyoijua kwa majina tu, na bado nilisikia mama akiniita nikachote maji.

Halafu baba yake Wachira akapata kazi Sagana, Sagana ya kweli. Siku ya kuhama nilikuta lori limejaa vitanda na magunia, na juu ya godoro, pikapu imefungwa kwa kamba. Kibati changu kilikuwa kinaning'inia. Nilimwambia Wachira ateremshe gari langu.

"Gari ni yangu," alisema, bila ubaya. "Nilikupatia uendeshe. Sikukupatia gari."

"Na jina?"

"Jina ni yako. Hata hiyo nani amekataa?"

Nikamuuliza na malapa ya baba ni ya nani. Wapakiaji walicheka, lakini mama yake, aliyekuwa amekumbatia sufuria tatu, hakucheka. Alimwambia atoe vitu vya mtoto wa watu haraka, lori linangojea. Wachira akapanda, akakunjua waya kwa meno. Akanipa gurudumu moja, la pili, la tatu, la nne, na kibati. Taa akaniuliza kama ninazitaka pia.

Nilisimama na mpira mikononi. Juu ya godoro kulikuwa na mifupa ya waya isiyoweza kwenda popote, na Wachira alikuwa akitazama pembeni ili nisimwone macho. Niliyafikiria magurudumu yangu, ambayo sasa hakuna aliyebisha kwamba ni yangu. Kisha nikamrudishia yote manne. Kibati nilibaki nacho.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja kwangu akiwa amenuna. Ana miaka kumi na minne na mchezo wa bure kwenye simu, wa aina ambayo unapigana vita bila kutoka kwenye kochi. Askari wake wa mchezoni alivaa koti ghali kuliko langu, lililolipiwa kwa pesa zote za sikukuu na za kufuga sungura. Sasa wenye mchezo wameifunga akaunti yake. Tulisoma pamoja yale masharti aliyoyakubali bila kuyasoma: koti halikuwa lake, alikuwa ameruhusiwa kulitumia tu, na ruhusa imekwisha. Tuliandika kulalamika, tukajibiwa na mashine inayoshukuru.

"Lakini Anti, ilikuwa na jina yangu," alisema.

Nilienda nikamletea kile kibati, nikamsimulia habari za pikapu. Alikigeuzageuza, kimeshika kutu pembeni, akauliza kama nilidai tu nikarudishiwa hivi hivi. Nikamwambia kulikuwa na mama mmoja mwenye sufuria. Akafikiri kidogo, akasema yeye hajui amdai nani, na hata angetaka kumwachia rafiki yake lile koti, hana la kumwachia.

Sisi tulidanganywa pia, sitasema uongo. Lakini aliyetudanganya tulijua kwao, na waya wake ulikunjuka. Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Nilijikuta nikisikiliza, kana kwamba mahali fulani Sagana malapa ya baba bado yanateremka kilima.