Nililichukia neno traction, mpaka gemu la magari likanirudisha kwenye magongo

Wakuu, habari za mchana. Ninayosimulia yamenikuta mwenyewe hapa Manzese, na shahidi yuko jikoni anakaanga samaki. Nikiongopa atanisuta mbele yenu.

Mie ni dereva wa lori dogo, Canter. Mwaka jana nilipanda bodaboda, tukagongana na bajaji, nikavunjika paja la kulia.

Hospitali wakaniweka traction. Kwa ambaye hajapitia: unalala chali, mguu umefungwa kamba, kwenye kamba kunaning'inia uzito unaouvuta ili mfupa ukae sawa. Wiki kwa wiki. Hata kujigeuza huwezi. Nilitoka pale sitaki hata kulisikia hilo neno.

Daktari akanipa magongo mawili na onyo: ukianguka kabla mfupa haujakomaa unarudi kitandani, na safari hii unaweza kubaki kilema. Udereva uusahau.

Sasa mie na kiburi changu, nikaona aibu. Mtaa mzima wananijua, leo nipite na magongo? Nikayasweka nyuma ya mlango, nikawa natembea kwa kushika ukuta. Mke wangu, Mama Asha, akifungua mdomo namkatiza. Siku moja nikateleza bafuni, nikadaka beseni. Mungu tu. Mama Asha alilia, mie nikanuna.

Ndo kaka yake, shemeji yangu Hamisi, akaja kutoka Chamazi na console yake. "Shem, utaoza kwa mawazo. Cheza gemu."

Lilikuwa gemu la magari. Kufungua settings, nakutana na traction control. Nikazima palepale. Nikazima na stability, ile ya kuzuia gari lisiserereke. Dereva mzima nisaidiwe na gemu?

Weee! Nikikanyaga mafuta kutoka kwenye kona, matairi ya nyuma yanazunguka bure, gari linageuka kuangalia lilikotoka. Naliweka sawa, linageuka tena. Nikatupa controller, kile kidude cha kuchezea, kwenye kochi.

Hamisi akacheka. "Shem, washa traction."

"Hilo neno lisitajwe humu ndani! Nimelala nalo hospitali, linatosha."

Mama Asha akatoka jikoni na mwiko mkononi. Gemu hajui hata linawashwaje. Akaniuliza, "Baba Asha, ile ya hospitali ilikuwa inafanya nini?"

"Inashika mfupa usihame mpaka uunge."

Akamgeukia kaka yake. "Na hii?"

"Inashika matairi yasizunguke bure."

"Basi ni ndugu hao. Iwashe. Na ukimaliza, magongo yako nyuma ya mlango."

Hamisi alicheka mpaka akakohoa. Mie nilikasirika, sifichi. Ila nikawasha. Traction namba ya juu kabisa, stability on.

Nikamaliza raundi nzima bila kugeuka. Gari zito kwenye kona, lina uvivu wa kuchanganya, lakini linafika. Nikaweka controller chini taratibu. Halafu nikamwambia Hamisi anipe hayo magongo.

Hapa wapenda gemu sikilizeni. Msishushe vyote kwa mpigo. Mie nilishusha traction namba moja moja, na sikushusha nyingine mpaka nizunguke raundi kadhaa safi. Kidole kikajifunza kukanyaga mafuta pole pole. Kwa controller, gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, namba mbili inanitosha. Stability nilizima mwisho, maana ndo inayodaka mkia wa gari ukitaka kuchomoka.

Na miguu ikaenda hivyohivyo. Magongo mawili, nikazoea. Likabaki moja. Nilipoona aibu mtaani, kumbe watu walikuwa wananipa pole na kunipisha njia. Aibu ilikuwa yangu peke yangu.

Wiki iliyopita daktari karuhusu nitembee bila gongo, kidogo kidogo. Nikaaga naenda dukani kununua vocha. Nikamwambia Mama Asha abaki, nataka niende mwenyewe. Akasema sawa.

Nikaenda. Jasho linanitoka, lakini naenda. Nimefika dukani nikageuka nijisifu mbele ya mtaa.

Nikamkuta nyuma yangu, hatua chache tu, kabeba kiti cha plastiki kichwani. Kanifuata njia nzima kimya, nikichoka nikae.

"Mie napeleka kiti kwa jirani," akasema, macho pembeni.

Jirani gani, wakuu? Nilikaa kwenye kile kiti mbele ya duka nikalia, dume zima, na muuza duka anatuangalia.

Nilichojifunza: kushikiliwa hakumpunguzii mtu uanaume. Hamisi, nakushukuru sana shem. Mama Asha, we acha tu, sina neno la kukutosha.

Haya, mnaocheza kwa controller, nyie traction mnaweka ngapi? Na wewe uliyeficha magongo nyuma ya mlango, usione haya, andika hapa chini. Halafu nenda kayatoe.