Kiapo Ambacho Mjomba Alikikataa

Niliporudi likizo katika mwaka wangu wa pili chuoni, nilimkuta mjomba, kaka yake mama, yuko jela Nachingwea. Alikuwa amekosa pesa za kodi. Tarishi wa kodi alipomfuata wakasukumana, mjomba akafungwa miaka miwili. Huku nyuma jirani yake wa Lionja akaingia shambani mwake na kuokota korosho, akidai shamba lilikuwa la marehemu baba yake. Msimu huo ulikuwa wa pili. Kwetu, anayeokota misimu miwili bila kuzuiwa, wazee humhesabu kuwa ndiye mwenye shamba. Mjomba alitaka kumshtaki kabla msimu haujaisha.

Nilikwenda kwa karani wa mahakama. Alinieleza kwa upole kwamba mfungwa anaweza kufungua madai mwenyewe bila wakili, lakini ada ni ileile anayolipa mtu huru. Asiye na uwezo hujaza fomu na kuapa kwamba hana mali. Nilimuuliza serikali iliyomfunga mtu aliyekosa kodi inataka ushahidi gani tena kwamba hana pesa.

“Bwana mwanafunzi,” alisema, “mimi napokea ada au napokea fomu. Maswali sina pa kuyaweka.”

Nikaipeleka fomu jela. Askari alituamuru tuseme Kiswahili ili asikie, na Kiswahili cha mjomba kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ufuta. Nilimsomea polepole: jina, kijiji, madai. Yote aliyakubali kwa kichwa. Nilipofika kwenye kiapo nilisita. Ningeweza kukiruka, maana kidole chake kilikwisha kupakwa wino. Lakini niliamini mtu asitie alama kwenye jambo asilolielewa, nikamsomea: sina shamba, sina miti, sina mali yoyote.

Alikirudisha kidole.

“Nani kasema?”

“Fomu, mjomba. Ni ya kusamehewa ada tu.”

Sisi Wamwera ardhi hutoka kwa mjomba ikaenda kwa wapwa. Aliielekezea fomu kidole chenye wino.

“Shamba nitakalokuachia wewe na wadogo zako, leo niape halipo? Jirani akisomewa karatasi hiyo, ataona haja gani ya kubishana na mimi?”

Askari akacheka. “Mzee, humu ndani tajiri ni wewe peke yako.”

Mjomba alifuta wino kwenye kaptula yake ya jela, akaomba arudishwe ndani.

Nilimrudia karani. Nikamwambia mali inayogombaniwa haifai kuhesabiwa kuwa utajiri wa mtu. Akasema hoja ni nzuri, ila fomu haina nafasi ya kuiandika. Nikaenda Ruangwa kwa ndugu zetu kuomba ada, lakini fedha za ufuta zilikwisha kuliwa zamani. Likizo ikaisha. Nikaondoka nikiwa na nauli yangu mfukoni, nayo ingetosha kulipa ada ile. Wakati huo nilijiambia kwamba masomo yangu yangewafaa watu wengi zaidi.

Yaliyofuata nililetewa kwa barua. Mjomba alipotoka jela aliitisha kikao. Wazee wakamuuliza kama alimzuia jirani. Akasema alitaka kwenda mahakamani. Wakauliza kesi iko wapi. Akawaeleza habari za fomu, kwamba alikataa kuapa uongo juu ya shamba la wapwa zake. Jina langu hakulitaja.

Wazee wakamsifu kwa kuikataa karatasi ile. Kisha wakampa jirani shamba.