Chambo Kizito, Chambo Chepesi

Ilikuwa siku ya kumi na moja Earline Sudduth hajala chochote cha maana. Asubuhi hiyo alifumbua macho, akamwambia mumewe, "Nataka krapi. Wa leo, si wa kwenye friza."

Doyle hakungoja hata kahawa. Daktari alishawaonya: asipokula wiki hii, dawa ya saratani itasimamishwa, na ikisimamishwa hakuna aliyetaka kutamka kinachofuata. Na krapi si samaki wa kununua. Hapa Mississippi sheria hairuhusu kumuuza. Umtakaye, umvue.

Shida ilikuwa moja, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko yenyewe. Kwa miaka thelathini na minne Doyle hakuwahi kuchagua chambo mwenyewe. Earline ndiye aliyeyeyusha madini ya risasi jikoni na kuyamimina yawe vichwa vya ndoano, akazifunga manyoya ya mkia wa kulungu, akavipanga vyambo kisandukuni kwa uzito. Mashuani hukaa mbele, hutazama upepo, kisha humrushia mumewe kimoja. "Hicho." Doyle huvua, halafu huenda kujisifu kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Wanaume wengi wa Ziwa Grenada wamepata majina kwa njia hiyo, ila hutamsikia hata mmoja akikiri.

Ilikuwa Machi, na upepo wa kaskazini ulikuwa umeleta baridi usiku kucha. Kwenye kioo cha mtambo wa kuonyesha samaki walionekana wametulia juu ya visiki, futi tisa chini. Doyle akafunga cha namba nane, kizito kuliko vyote. Kwenye vyambo hivi namba ikipanda, uzito unashuka. Alitaka mshipi usipeperushwe, apate kusikia samaki akigusa. Saa nzima ikapita, hakuguswa.

"We Doyle!" Cleotha Bohannon, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa akipita na mashua yake. "Unavua au unapima kina cha maji? Kamuulize mkeo!"

Doyle aliinua uso. Cleotha alimtazama usoni, akavua kofia.

"Samahani, kaka. Mdomo wangu huu, siku moja utaniua. Hali yake vipi?"

"Hali chakula."

"Ningekupa wangu, lakini leo hata mimi mikono mitupu."

Cleotha alipoondoka, Doyle alipiga simu nyumbani. Iliita mara sita, na kila mlio ulimkata maini. Wanda, dada yake Earline, akapokea, akampelekea mgonjwa.

"Niambie kipi, mama," Doyle alisema. "Wako futi tisa. Hawagusi."

"Umefunga kipi?" Sauti ilitoka kwa shida.

"Nane."

"Kinafika wapi?"

"Kumi, kumi na moja. Kinazama upesi."

Alimsikia akivuta pumzi, moja, mbili. "Krapi anatazama wapi, Doyle?"

"Juu."

"Haya basi."

"Haya basi nini? Kumi na sita au thelathini na mbili? Upepo huu, Earline!"

"Mimi siko mashuani," akasema, na simu ikakatika.

Doyle alimtukana mkewe kipenzi kwa sauti, maji yakasikia. Kisha akalia. Alilia kwa hasira na kwa hofu, mzee wa miaka sitini na tisa, makamasi yakimwingia masharubuni. Alipomaliza alifungua kisanduku, akachukua cha thelathini na mbili. Ni chepesi kama punje ya mchele, cha kushuka polepole na kubaki juu ya samaki. Upepo ukaupinda mshipi, na mkononi hakusikia kitu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Earline hakuwahi kungoja kusikia. Alikuwa akitazama. Krapi hupanda kukichukua chambo, na akipanda, mshipi hulegea.

Akatazama mpaka macho yakamwasha. Mshipi ukalegea kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole. Akainua.

Alipata wawili, upepo ukamfukuza.

Aliwakaanga mwenyewe kwa unga wa mahindi, mikia ikakauka kama anavyopenda mkewe. Earline alitafuna taratibu, na Doyle alihesabu kila tonge. Yule wa kwanza akaisha.

"Ulifunga kipi?"

"Thelathini na mbili."

"Na upepo ule?"

"Nilitazama mshipi."

Earline akaegemea mto. "Sikuwa na njaa, Doyle. Hata sasa sina. Nilitaka kujua kama utaweza."

Doyle akamsogezea sahani yenye samaki wa pili.

"Mimi nimevua bila wewe," akasema, "na sikupenda hata kidogo. Na wewe kula bila njaa."

Earline akamtazama. Akachukua uma.