Asmar Mnyonyoa Kuku na Mlango Wangu

Asmar alinyonyoa kuku miaka arobaini katika soko letu hapa Yerusalemu. Tulitoka naye Zakho, kule Iraki, tukapangiwa ua mmoja. Mikono yake ilinuka manyoya hata siku ya Sabato. Ndiye aliyevumisha kwamba mwanangu Bahiya ana kifafa, uongo mtupu, na upande wa bwana harusi wakaja kuchukua pete yao. Bahiya hakuolewa kamwe. Hadi leo anamenya vitunguu jikoni kwangu, kichwa chote mvi.

Uzeeni Asmar akaanza kumwogopa Mungu. Kwetu kila mtu anajua: Siku ya Upatanisho Mungu hufuta uliyomkosea Yeye. Uliyomkosea jirani hafuti, mpaka jirani akusamehe. Ukimwomba mara tatu mbele ya watu watatu naye akakataa, umepona. Dhambi inamgeukia yeye aliyekataa.

Alikuja na majirani watatu. Nilikuwa naviringa madonge ya nyama.

"Mama Bahiya, nisamehe."

"Leo manyoya yamekukaba koo?"

Akarudi wiki ya pili, anapumua kwa shida. "Dada yangu, nisamehe. Nakufa."

"Mrudishie kwanza mwanangu nywele zake nyeusi, halafu ufe."

Jirani mmoja alicheka.

Mara ya tatu alikuja alasiri, mfungo wa Siku ya Upatanisho unaingia jioni. Nikikataa tena, amepona. Basi nikatia komeo, nikanyamaza ndani. Akagonga, akaita jina langu.

Bahiya akanong'ona, "Mama, niliyesingiziwa ni mimi. Mimi nimeshamsamehe. Nifungulie nimwambie."

"Kaa chini."

Akakaa. Nimemzoesha kukaa.

Asmar aligonga mpaka wanaume walipopita na nguo zao nyeupe kwenda sinagogi. Alifunga bila tone la maji. Siku ya nne akafa.

Rabi akaniambia nichukue wanaume kumi, nivue viatu kaburini, niungame kwamba nimemkosea Mungu na Asmar; ndivyo aliyekufa anavyoombwa radhi. Nilikwenda. Nikasema, "Asmar, nimekusamehe."

"Siyo hivyo, mama," rabi akasema. "Leo mwombaji ni wewe."

Kokoto zilinichoma nyayo. Wale kumi wakangoja, wakangoja. Mmoja akasema, "Bibi, jua linatuua."

Nikavaa viatu vyangu.

Jumatano hii ni mfungo tena. Bahiya anazunguka kutafuta watu kumi wengine. Wale wa kwanza hawanitaki. Ametoka asubuhi bila kuniaga, ameacha mlango wazi.

Sijaufunga.