Hina ya Bi Harusi Kwenye Ulimi Wangu

Nilipaka ulimi wangu hina ya bi harusi. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Garissa bado kuna watu wanaosema nililamba bakuli kwa njaa, na huo ni uongo. Nilikuwa nimeshiba wali. Hina ilikuwa ya mama. Yeye huwapaka mabibi harusi mikono na miguu, na nyumba yetu mwaka mzima ilinuka majani yaliyolowekwa, limau na mafuta ya karafuu, harufu ambayo hadi leo ikinipitia puani nasikia uchungu nyuma ya meno. Nilichota kijiko kimoja, nikajipaka ulimi wote, nikasimama mbele ya kioo cha wateja na kuanza kusema "pa, pa, pa," nikingoja kuona ulimi utaacha alama wapi.

Mambo yalianzia darasani. Nilikuwa darasa la sita, na Mwalimu Mutua, mtu wa Kitui aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa amechoka kusikia darasa zima likisoma "papai" kama "babai" na "pilipili" kama "bilibili", kwa kuwa Kisomali chetu hakina p. Siku moja alichora ubaoni kichwa cha mtu kilichopasuliwa katikati kama tikiti: midomo, meno, ufizi, kaakaa, ulimi, koo. Akasema kila sauti ina mahali pake pa kuzaliwa. Hewa inapanda kutoka mapafuni, halafu kitu fulani kinaizuia au kuibana. Tukamwambia hayo tunayajua. Kwenye dugsi, yaani chuo chetu cha Qurani, maalim alikuwa ametuonyesha tangu tukiwa wadogo herufi ipi inatoka chini kabisa kooni na ipi inatoka kwenye ncha ya ulimi. Tena Mwalimu Mutua mwenyewe jina la Ali lilimshinda. Alilitaja juu juu tu, bila ile sauti ya Kiarabu inayoanzia kooni, kana kwamba alizaliwa bila koo. Nilimwigiza mbele ya wenzangu wakacheka hadi wakashikilia madawati. Kumbe alikuwa mlangoni. Naye akacheka, kisha akanipa adhabu iliyofanana na zawadi: Alhamisi, siku ya wazazi, mimi ndiye nitakayesoma hotuba ya kuwakaribisha wageni. Aliiandika mwenyewe, na nadhani aliijaza p kwa makusudi.

"Nikisikia b hata moja isiyo mahali pake Alhamisi asubuhi," aliniambia, "anasoma Ifrah."

Ifrah alikaa dawati la mbele, na p zake zilipasuka kama bisi.

Ningemwachia Ifrah hotuba yake nikalale, ila mama alishapata habari. Aliwaambia wateja wote kwamba mwanawe atahutubia, na mteja wa hina hana pa kukimbilia. Mikono imelowa, miguu imenyooshwa, lazima asikilize. Kufikia Jumatano nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wameahidi kuja shuleni. Kama angesimama Ifrah, si mimi ambaye ningeulizwa maswali, ni mama, tena na watu ambao angewashika mikono wiki nzima.

Ndiyo sababu ya hina. Niliwaza kwamba nikijua ulimi unagusa wapi, nitaupeleka hapo hapo. Niliposema "ta", rangi ilishika nyuma ya meno ya juu, safi kabisa. Niliposema "pa", hakuna kitu. Nikaongeza hina. Hakuna kitu. Sikujua kwamba kwenye p ulimi hauna kazi yoyote; umelala tu kama mgeni aliyeshiba, na midomo ndiyo inayofanya yote. Mama aliingia akanikuta rangi imenitiririka hadi kidevuni.

"Warya," alisema kwa Kisomali, neno ambalo kwetu mvulana akiitwa huanza kwanza kutafuta njia ya kutokea, "unaolewa lini?"

Nilimweleza yote. Hakunichapa. Alinipangusa kidevu kwa ncha ya mtandio, akaniambia niseme hiyo sauti. Nikasema. Ikatoka b. Akachukua kipande cha jani kavu la hina, akakiweka juu ya mdomo wangu wa chini.

"Kitoe. Bila mkono, bila ulimi."

Nilifumba midomo, nikakusanya hewa, nikaiachia. Jani liliruka likatua gotini kwake. "Tena." Nilipomwambia kwamba mwalimu anasema b hutetemesha koo na p hulinyamazisha, aliweka vidole kooni mwangu. Likitetemeka, aliniminya kidogo. Likinyamaza, aliweka jani jingine. Tuliendelea hadi adhana ya magharibi, na mkeka ukajaa majani. Yeye alijaribu mara moja tu, ikatoka b nene kama mlango unaogongwa, tukacheka hadi tukasahau chai jikoni.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Mutua alinisikiliza huku ameshika karatasi mbele ya mdomo wangu. Karatasi ilicheza kila ilipotakiwa kucheza. Alinitazama midomo, akasema, "Sitauliza." Ulimi ulikuwa umeanza kurudi rangi yake, lakini midomo na kidevu vilikuwa vimeshika vizuri, na niliposimama mbele ya wageni, wanawake waliitambua hina ya mama wakaanza kucheka kabla sijasema neno. Nikasema: "Wapendwa wazazi, tumepata furaha kuwapokea hapa." Nilimwona mama safu ya tatu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka vidole kwenye koo lake mwenyewe.

Sasa niko sekondari, na kile kichwa kilichopasuliwa kimo kitabuni. Wenzangu wanakariri majina ya sehemu zake kwa ajili ya mtihani. Mimi nafumba midomo tu, nakumbuka jani. Nikikasirika b hurudi, na siku hizi siifukuzi, ni ya kwetu. Lakini siku ile, baada ya hotuba, mama alinivuta hadi kwenye geti, akanipangusa kidevu akijua fika hakitatoka rangi, akaniita "mama" kwa Kisomali, jina lake mwenyewe, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, akasema:

"Umesema vizuri, hooyo. Sasa funga mdomo mpaka rangi itoke."