Mwavuli Niliouita Mwekundu

Dada yangu alipomtaja muuaji kabla yangu kwa mara ya tatu mfululizo, nilianza kumshuku.

Tulikuwa tunacheza gemu moja la kwenye simu, mimi Masasi, yeye Newala. Ni gemu la kesi za mahakamani: wewe ni wakili, mteja wako yuko kizimbani kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na kazi yako ni kuwahoji mashahidi mpaka umnase mmoja kwa uongo wake. Matoleo ya nyuma tuliyacheza pamoja nyumbani kwa wazazi, Lulindi, simu moja vichwa viwili, mimi nikimfasiria Kiingereza. Toleo jipya lilipotoka tulikuwa tumeshaolewa, kila mtu kwake. Tukakubaliana kila mmoja apakue lake, tucheze kesi moja kwa wiki, na mtu asimtangulie mwenzake. Jumamosi tukifika nusu, nampigia tunajadili. Jumapili baada ya kanisa tunamalizia.

Kesi ya kwanza nilimsimulia ninavyomwona mlinzi wa geti. Alinisikiliza, kisha akasema, "Ni yule daktari wa meno."

"Umejuaje?"

"Nimehisi tu."

Kesho yake daktari wa meno akakiri mbele ya hakimu huku analia. Kesi ya pili dada alimtaja mpishi, ya tatu mjane. Zote alipatia.

Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha mitihani mingi, namjua mwanafunzi anayeandika jibu sahihi bila kuonyesha njia. Tena hakimu wa gemu alikuwa amenikaripia mara sita kwa kutoa kielelezo kisichohusika, lakini dada hakuwahi hata siku moja kulalamika kwamba kakwama.

"Ananitangulia," nilimwambia mume wangu. "Au anasoma majibu mtandaoni."

"Sasa akisoma, nani kafa?"

Hakunielewa. Nikaanza kumsikiliza dada kwa masikio mengine. Nikimuuliza swali, cherehani yake ilikuwa inanyamaza kidogo kabla hajajibu. Zamani nisingeligundua hilo.

Kesi ya nne nikamtegea. Marehemu alikuwa ameacha mwavuli mlangoni, mwavuli wa kijani, na kesi nzima ilikuwa inazunguka kwenye rangi hiyo.

"Umeuona ule mwavuli mwekundu?" nikamuuliza.

"Nimeuona. Huo wekundu wake ndio utakaomfunga mtu."

Kumbe hakuwa amenitangulia. Hakuwa hata ameanza kucheza.

Hapo ndipo moyo ulipoharibika zaidi. Mtu anayenidanganya wiki nne kwa jambo dogo hivi, ananificha nini kingine? Na majibu anapewa na nani? Jumapili sikuimalizia kesi, na Jumamosi iliyofuata sikumpigia. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Newala bila kumwambia.

Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilimkuta barazani na sweta lake, anashona sare za shule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alisimama. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Naomba simu yako nione kitu."

Aliingiza mkono mfukoni, akanipa kitochi cha vitufe kilichofungwa mpira ili betri isidondoke.

"Ile kubwa iko wapi?"

"Nilimpa binti yangu alipokwenda chuo. Gemu lilikuwa bado halijatoka."

"Sasa anayekusomea majibu ni nani?"

"Majibu gani?"

"Dada, umepatia kesi tatu!"

Akarudi kukaa. "Wewe mwenyewe uliniambia. Ukimshuku mtu unamsimulia mpaka viatu vyake. Asiyekushtua unamtaja mara moja, unampita. Mimi namchukua huyo uliyempita. Tangu utoto wako unamshuku asiyehusika."

"Kwa nini hukuniambia huna simu?"

"Ningekwambia, ungecheza peke yako ukamaliza kwa siku mbili. Nani angenipigia kila Jumamosi?"

Ningependa kusema nilimwamini pale pale. Sikumwamini. Alipoingia ndani kuchukua chai nilifunua vitambaa juu ya cherehani, nikavuta mtoto wa meza: vifungo, chaki, nyuzi. Niliona aibu, lakini nikainua na mto wa kiti. Akatokea na chai na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile ya porini tuliyokuwa tukiigombania utotoni, akanikuta nimeushika.

"Umeipata?"

"Sijaipata."

"Kaangalie na jikoni."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwambia ukweli kuhusu mwavuli, akaniita mchawi. Nikafungua kesi ya nne upya, nikamsomea kila neno kwa Kiswahili bila kuruka mtu, yeye akimenya ming'oko. Mimi nilisema ni kaka wa marehemu. Yeye alisema ni msusi. Akawa karani wa mahakama, aliyekaa anaandika maelezo ya wote tangu mwanzo.

"Huyo hukumtaja!" dada alipiga kelele.

"Nimemsoma! Wewe ulikuwa unahangaika na ming'oko."

"Hukumsoma. Lete simu hapa."

Basi la kurudi Masasi lilikuwa limebakiza saa moja. Tukarudi mwanzo wa kesi, vichwa vimegusana juu ya kioo, tukaanza kumtafuta karani mstari kwa mstari ili tujue alitupita wapi.