Chakula cha Mama Hakimwagwi

Mamangu alikataliwa na chakula kimoja baada ya kingine. Ugali ndio uliotangulia, tukadhani ni meno. Kisha githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kisha mkate hata uliochovywa kwenye chai, na mwishowe chai yenyewe ikawa inarudi. Daktari alisema njia ya chakula kooni imezibwa na uvimbe ambao hautatoka wote. Walimtoboa tumbo wakamwekea mrija mwembamba, na huo ndio mdomo anaoutumia kula tangu hapo. Sauti ilibaki, ingawa ilikwaruza. Akili ilibaki. Ukali nao haukwenda popote.

Mimi ni kitinda mimba wake, na ndiye niliyebaki naye katika nyumba ya kupanga hapa Meru, karibu na Makutano. Dada zangu wameolewa mbali. Basi jikoni pakawa pangu. Nilijifunza kupika ucuru, uji wetu mchachu wa wimbi, nikiuchuja na kuurudia kuuchuja kwa kitambaa ili chenga zisizibe mrija. Nilijifunza supu ya mifupa, na viazi vilivyopondwa vikalainishwa kwa maziwa hadi vikamiminika. Nikimaliza, nilimpa kikombe mlangoni pa chumba chake, naye akaufunga mlango. Mwana wa kiume haoni tumbo la mama yake. Kwetu hilo halihitaji kuelezwa.

Lakini hakunificha mimi peke yangu. Hakuna aliyemwona akila. Aliacha kwenda mikutano ya akina mama wa kanisa kwa sababu mikutano hiyo huishia kwenye chai na ndizi za kuchemsha, naye hakutaka kukaa hapo mikono mapajani huku wenzake wakimwonea huruma. Wakija kumtembelea, aliwakaribisha, akawahimiza wale, na njaa ikimshika alijifanya anatafuta kitu chumbani. Alikuwa mwanamke aliyelisha watu wengi maishani mwake. Sasa kula kulikuwa kama jambo la aibu.

Dada yake mdogo anakaa Kianjokoma, upande wa Embu, kwenye mashamba ya majani chai. Siku moja alipiga simu kusema binti yake wa mwisho anaolewa. Nilisikia akianza kusema polepole, kwa upole ule wa watu wanaozungumza na mgonjwa, kwamba wanajua mama hataweza, kwamba watamletea picha.

"Nitakuja," mama akamkata.

Alipoweka simu chini alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kumzuia. "Utanipikia ya kutosha siku nzima," akasema. "Siendi harusini kushinda njaa."

Nilipika alfajiri. Nilijaza uji katika themosi moja, supu katika nyingine, na maji ya uvuguvugu ya kusafishia mrija katika chupa ndogo. Mama alivaa blauzi yake ya vifungo, koti la kijani na kitambaa cha kichwa alichokuwa hajakivaa tangu augue. Tulifika steji ya magari mapema, tukakata tiketi za kwenda Embu, tukaambiwa tupitie kwenye meza ya ukaguzi.

Sitaki kusema uongo: sheria yao ilikuwa na chanzo. Mtu mmoja alikuwa amebeba petroli ya msumeno wake wa injini katika chupa ya juisi, ikavuja chini ya viti na gari la kampuni hiyo likashika moto barabarani. Abiria walitoka wote wazima, wengine kupitia madirishani. Tangu hapo kampuni ilibandika tangazo langoni: hakuna kuingia garini na kitu chochote cha majimaji. Kando ya meza waliweka pipa la plastiki. Nilikuwa nimewahi kuona maziwa ya watu yakimwagwa humo, na mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ya mama mmoja aliyetoka mbali. Lakini maji yaliyouzwa katika kibanda cha kampuni hiyo hiyo, ndani ya lango, yaliruhusiwa. Hayo sijui yalikuwa yamekauka.

Mezani alikuwapo askari mwanamke wa makamo, mwenye glavu mikononi. Alifungua mfuko wetu.

"Hii ni nini?"

"Uji," nikasema.

"Na hii?"

"Supu. Hiyo ndogo ni maji."

"Mwaga hapo kwa pipa, mpite."

"Ni chakula cha mama. Hawezi kula kitu kingine."

"Anunue mkate huko mbele."

"Hawezi kula mkate, dada. Ni mgonjwa wa koo. Anakula vya majimaji tu."

Alimwangalia mama, akaangalia tangazo, na niliona kwamba mwenyewe hakuipenda kazi ile. "Mimi naambiwa vya majimaji ni vya majimaji," akasema. "Wacha niite meneja."

Meneja alikuwa kijana wa rika langu, na simu mbili mkononi. Nilimweleza tena yote, huku foleni nyuma yetu ikianza kunung'unika. Alinisikiliza akitazama simu moja.

"Bosi, wagonjwa wako na ambulansi," akasema. "Kama anaenda hospitali, ongea na hospitali."

Mama akajibu kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. "Nani amekwambia naenda hospitali? Naenda harusini."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Meneja hakucheka.

"Sawa, shosho. Basi onja tuone kama ni uji kweli."

"Siwezi kuonja."

"Si umesema ni chakula chako?"

"Nitaonja mimi," nikasema, nikaanza kufungua kifuniko.

"Wewe weka chini. Chakula ni chake, anywe yeye. Akishindwa, hiyo inaingia kwa pipa. Tusipotezeane muda."

Nilikuwa na maneno ambayo sikupaswa kuyasema mbele ya mama, na nilikuwa nimeyashika tayari ulimini. Lakini mama aliniwekea mkono kifuani akanisukuma kando taratibu, kama mtu anayefungua mlango.

"Anataka ninywe," akaniambia kwa Kimeru. "Nitakunywa. Leta mfuko."

Aliketi kwenye benchi la abiria, mahali palipo wazi kabisa, foleni ikimwangalia upande mmoja na wauza ndizi upande wa pili. Alifungua koti. Akafungua kifungo kimoja cha blauzi, kimoja tu, akauvuta mrija nje. Kisha akatoa sirinji yake kubwa isiyo na sindano, akachomoa kisukumio, akaishikiza kwenye mrija na kuiinua juu.

"Mimina," akaniambia.

Sikuwa nimewahi kuona. Themosi ikagonga ukingo wa sirinji, uji ukamwagika kidogo kwenye koti lake.

"Mimina kama mtu aliyekula asubuhi," akasema.

Nikamimina. Uji haukimbizwi, unashuka kwa uzito wake, polepole, na mtu anasubiri. Steji nzima ikasubiri. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na yule mtoto akauliza kwa sauti, "Anafanya nini?" Mama yake akamnyamazisha. Mamangu akageuka.

"Ninakula," akamwambia mtoto. "Wewe umekula?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri."

Meneja alikuwa ameacha kutazama simu zake. Alitazama chini, akatazama barabara, akatafuta mahali pa kuweka macho asipate. "Basi, mama," akasema. Ile shosho, kama bibi kizee yeyote, ilikuwa imeisha. "Basi inatosha. Tumeona."

"Bado sijashiba," mama akamjibu, na akaniashiria nimimine tena.

Alikula kikombe kizima. Hakuharakisha hata kidogo. Alisafisha mrija kwa maji ya uvuguvugu, akaubana, akaurudisha mahali pake, akafunga kifungo, akafunga koti. Ndipo akasimama.

Meneja, akitaka labda asionekane ameshindwa kabisa, akasema basi themosi ziende nyuma kwenye buti.

"Chakula changu hakikai na tairi," mama akasema.

"Mama, hiyo ndiyo njia pekee."

"Hata hao wengine, mikate yao umeiweka kwa buti?"

Meneja akasema basi gari hilo litaondoka bila sisi, na kweli likaondoka. Abiria mmoja alitutupia macho ya kulaumu kwa kumchelewesha. Mwingine, mzee wa Kiislamu aliyekuwa na kofia yake nyeupe na mizigo ya kwenda Embu, alikuwa ameshuka kabla halijaondoka, akasema atasubiri linalofuata pamoja nasi. Aliketi tu kwenye benchi, upande wa pili wa mama, akasoma gazeti lake.

Tulikaa. Nilimwuliza mama kama turudi nyumbani nitafute teksi, akanitazama vibaya. "Nimelipa tiketi," akasema, "na mimi si petroli."

Gari la pili lilipojaa karibu lote, yule askari wa glavu alikuja mwenyewe kwenye benchi. Hakumwuliza meneja, aliyekuwa amesimama karibu na kibanda akijifanya hatuoni. Alichukua mfuko wetu, akaubeba hadi garini, akauweka miguuni pa kiti cha mbele. "Ingia, mama," akasema. "Msalimie bibi harusi." Yule mzee akapanda nyuma yetu.

Tulibadilisha gari Embu, tukapita Manyatta, tukafika Kianjokoma hema likiwa limeshajaa. Dada yake mama alikuja mbio na viatu mkononi. Alikuwa ametayarisha chumba ndani ya nyumba, akasema, chenye pazia, mahali mama angepumzika na kufanya mambo yake kwa siri.

"Mambo gani?" mama akauliza.

"Si... kula."

"Watu wanakulia wapi?"

"Huko kwa hema."

"Basi nami ni huko kwa hema."

Walipopakua, alikaa meza moja na wanawake wa ukoo, sahani zao zimejaa mukimo wa viazi na mahindi, na nyama, yeye na sirinji yake. Mwanzoni walikula wakikwepa kumtazama. Kisha shangazi mmoja, mtu mpole, akauliza kama ile supu ina chumvi ya kutosha, halafu akajishika mdomo kwa kujua alichouliza. Mama alicheka hadi ikabidi niushike mrija usichomoke. Baada ya hapo wakarudia maneno yao ya kawaida, ya mahari na ya mvua, na mkono wangu ukatulia.

Watu wameniambia tangu hapo kwamba sheria ni sheria, na kwamba gari likiungua hakuna atakayeuliza uji ulikuwa wa nani. Najua. Tangazo bado liko langoni, na pipa liko pale pale. Mimi nasema aliyeandika lile tangazo alikuwa ameshiba, na hakumfikiria mtu ambaye chakula chake chote kinamiminwa. Hilo nalisema mbele ya meza yao kila mara tunaposafiri, nao wamekwisha kunizoea.

Siku ile tulilala Kianjokoma. Asubuhi niliwakuta mama na dada yake wameketi nje ya jikoni, wamejifunika blanketi moja, ukungu ukiwa bado juu ya majani chai. Walikuwa wakibishana ni nani kati yao aliyemwangusha mbuzi wa baba yao mtoni walipokuwa wasichana. Dada yake alikuwa amepika uji, mzito kupita kiasi, na mama alikuwa akimfundisha kuuchuja.